Mama wa Kliniki Aliyetufundisha Kunyonyesha

Akikutana nawe njiani ukiwa na mtoto mgongoni, alimsalimu mtoto kwanza. Alifunua kanga kwa kidole kimoja, akamtazama usoni, akambonyeza shavu, ndipo akakugeukia wewe: "Haya, na mama yake hajambo?" Wageni waliona ni dharau. Sisi tulioishi naye kule Mwese, mlimani, tulijua kwamba alikuwa ameshamaliza kazi yake pale pale njiani, na kwamba kama lile shavu lingekuwa limelegea usingeachiwa uendelee na safari yako.

Tulimwita Mama wa Kliniki. Jina lake lilikuwepo kwenye daftari la mahudhurio la zahanati, na mimi nililijua, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitumia, hata mumewe. Kwenye daftari hilo hakuandikwa nesi. Aliandikwa mhudumu, maana yake mtu wa kudeki, kuteka maji na kuchemsha sindano. Kupima watoto na kuzalisha alifundishwa na mkunga mmoja aliyekuwa hapo zamani, na mkunga huyo alipohamishwa hakuletwa mwingine. Mganga wa zahanati alikuwa akishinda Mpanda kufuatilia dawa. Barabara ya kushuka kutoka mlimani, masika yakishashika, ilikuwa ya kwenda kwa miguu au kutokwenda kabisa. Kwa hiyo aliyebaki ni yeye.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa kuliko ya mume wangu, na alitembea haraka hata pale ambapo hapakuwa na haraka. Alipenda usafi kiasi cha kuudhi. Mwanamke akija na mtoto mwenye kucha ndefu, alizikata yeye mwenyewe mbele ya watu wote, bila kuomba ruhusa. Halafu, foleni ikipungua, alikwenda nyuma ya zahanati, karibu na pipa la maji ya mvua, akavuta ugoro. Kila mtu alijua. Alirudi macho yakimtoka machozi, akanawa mikono kwa sabuni ya mche mara mbili, akaendelea kutuhubiria kuhusu moshi wa jikoni na mapafu ya watoto wachanga. Siku moja mama mmoja alithubutu kumuuliza, mbona anatukataza vitu ambavyo yeye mwenyewe anavifanya. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi sina mtoto kifuani. Wewe unaye."

Hakupenda walimu. Alisema tumezoea kusikilizwa, kwa hiyo hatujui kusikiliza. Mimi nilikuwa mwalimu, nimefika mlimani mwanzoni mwa miaka ya tisini pamoja na mume wangu, naye mwalimu, na kwa mwaka mzima wa kwanza nilimkwepa. Siku za kliniki wanawake walijaa kwenye benchi mpaka nje kwenye nyasi, na sauti yake ilifika hadi shuleni. "Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto." Aliyasema hayo mara ngapi sijui. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu waliyajua kwa moyo, na wakati wa mapumziko waliigiza, mmoja akiwa Mama wa Kliniki, mwingine akiwa mama aliyekosea.

Alikuwa mkali kuhusu foleni, lakini foleni hiyo hiyo aliivunja mwenyewe kila alipotokea mwanamke wa wale waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Wale walitembea tangu alfajiri. Aliwaita mbele, na waliokuwa wamekaa wakinung'unika aliwaambia, "Nyie mmetoka hapo tu, chai bado iko tumboni." Kuna hadithi aliyopenda kuisimulia mume wangu. Kabla sisi hatujafika mlimani, Mama wa Kliniki alishuka bondeni kwa miguu kumfuata mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa haongezeki, akakuta amekatishwa kunyonyesha, mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe. Baba wa mtoto akamwambia kwa heshima kabisa, akimwita mama kwa lugha yao, "Mayu, maziwa tunayo mengi, ya nini kumtesa mwanamke?" Mama wa Kliniki akamwomba amlete mtoto. Akamgeuza nyayo, akazikagua moja baada ya nyingine, akasema, "Baba, nimetafuta kwato sijaziona." Yule baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama alirudishwa kunyonyesha, na mtoto yule nilimfundisha kusoma baadaye, akiwa na mwili wa kunizidi mimi.

Nayaeleza haya ili ijulikane alikuwa mtu wa namna gani, kabla sijafika kwenye yangu.

Leticia, mtoto wangu wa kwanza, alizaliwa pale zahanati wakati wa mvua kubwa. Kuzaa kwenyewe kulikwenda salama. Mama wa Kliniki alimfuta, akamweka kifuani kwangu akiwa bado na unyevu, akasema, "Mwache atafute." Leticia alitafuta kidogo, akalala. Kesho yake nilirudi nyumbani, ambako mama mkwe wangu alikuwa ananisubiri. Alikuwa amepanda lori kutoka Mpanda wiki mbili kabla, na kuku wawili na unga wa ulezi, kwa ajili yangu. Nasema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya aonekane mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa ameshazika wajukuu wawili, na mtoto akilia yeye alisikia kitu ambacho mimi sikukisikia.

Aliponikuta nataka kunyonyesha, alinizuia. Maziwa yale ya mwanzo, ya njano, kwao yalihesabiwa uchafu. Aliniambia niyakamue nimwage, mtoto asubiri meupe. Mimi niliwahi kuwafundisha watoto wa darasa la sita kuhusu maziwa hayo hayo, ubaoni, kwa chaki. Niliyakamua nikayamwaga. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa mama.

Siku ya tatu matiti yalijaa kwa ghafla. Ngozi ilivutika ikawa inang'aa, na chuchu zikazama, hazina pa kushikwa. Leticia alikuwa akigusa, akiteleza, akilia. Akishika, alishika nchani tu, na mimi niliuma ukingo wa kanga ili nisipige kelele. Siku ya tano chuchu zilikuwa zimechanika, na alipocheua ilitoka damu, yangu. Nilikuwa na darasa la watoto sitini, na nikisema kaeni wanakaa. Huyu mmoja, asiyefika urefu wa rula mbili, alinishinda. Kila alipoanza kujinyoosha kuamka, mimi nilishaushika ukingo wa kanga. Nilifikia mahali nikawa naomba alale tu, alale muda mrefu, na alipolala muda mrefu kweli sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya.

Mume wangu ndiye aliyekwenda kumwita. Mama wa Kliniki alikuja adhuhuri baada ya kufunga zahanati, matope hadi magotini. Hakukaa. Alimfunua Leticia, akambonyeza shavu, kisha akavuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ilirudi polepole.

"Mama mwenzangu," akamwambia mama mkwe, "huyu mtoto umempa nini?"

"Maji ya sukari kidogo tu. Alikuwa analia."

"Kwa kijiko kipi?"

Mama mkwe akamwonyesha. Mama wa Kliniki akakichukua, akakiangalia, akakitia mfukoni mwa gauni lake. Halafu akavichukua na vile vingine vilivyokuwa mezani. Kwa wiki nzima tulikoroga chai kwa uma.

"Sasa nionyeshe unavyofanya," akaniambia.

Nikamwonyesha. Nilimlaza Leticia chali mapajani, nikainama, nikamsukumia titi mdomoni.

"Unamziba mdomo, humnyonyeshi. Kaa vizuri wewe kwanza. Egemea ukuta. Shusha mabega. Unaogopa nini?"

"Maumivu."

"Yapo. Leo yatakuwepo, kesho yatakuwepo. Keshokutwa sijakuahidi."

Hakunipa maneno ya kunifariji, na niliyahitaji sana. Aliomba maji ya moto na kitambaa, akanikanda, kisha akanifundisha kukamua kwa mkono: vidole nyuma ya ile sehemu nyeusi, bonyeza kuelekea mbavuni kwanza, ndipo ubane. Tulikamua kwenye kikombe mpaka titi likalegea. Akampa Leticia yale ya kikombe kidogo kidogo, kwa ukingo wa kikombe, mtoto akilamba kama paka. "Huyu sasa ana nguvu ya kujifunza," alisema. "Mwenye njaa sana hafundishiki. Nyie walimu mnajua hilo."

Halafu akamgeuza, tumbo la mtoto likigusa tumbo langu, pua yake ikiwa sawa na chuchu. "Usimwingize. Msubiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo. Bado. Bado. Sasa, mlete." Mara saba nane nilichelewa au niliwahi. Aliposhika nilisikia maumivu hadi kwenye fizi. Mama wa Kliniki aliweka sikio karibu na shingo ya mtoto, akanyanyua kidole. "Sikiliza." Nilisikia, chini ya sauti ya mvua kwenye bati, mtoto akimeza. Mara mbili. Kisha akaachia na kulia tena.

Nilidhani tumefanikiwa. Hatukufanikiwa, si siku ile. Alikuja kila adhuhuri kwa siku tisa. Siku ya nne titi la kushoto lilipata uvimbe, nikashikwa na homa, nikamwambia basi, naacha, mtafutieni maziwa ya kopo. Mume wangu akasema ya kopo yako Mpanda, na lori la mwisho limekwama njiani tangu juzi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage, na niliona machozi yanamdondokea ndani ya ungo. Mama wa Kliniki alimweka mtoto kwenye titi lile lile lenye uvimbe. "Hapa ndipo anapotakiwa aanzie," alisema. Nilimchukia. Niliitazama ile mikono yake mikubwa nikamchukia kabisa.

Alipopimwa kliniki, nukta ya Leticia kwenye kadi ilikuwa chini kuliko ile ya kuzaliwa, imeshuka kwenye rangi ya kijivu, ya watoto waliopungua uzito. Wiki mbili baadaye ilikuwa palepale. Wiki mbili nyingine, ikapanda kidogo. Mama wa Kliniki hakunipongeza. Aliunganisha nukta kwa kalamu, akanirudishia kadi, akaita, "Anayefuata." Mwezi uliofuata mtoto wangu alikuwa na mikunjo mapajani, na maziwa yalinijaa kiasi kwamba nilikuwa nakwenda darasani na vitambaa ndani ya blauzi. Mama mkwe alirudi Mpanda na kwenda kuwasimulia majirani zake kwamba maziwa yale ya njano hayamwagwi, kana kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Naweza kukaa siku nzima nikisimulia mazuri yake. Lakini kuna jambo lililotokea Leticia akiwa na miezi mitano, na bila hilo nitakuwa nimechora nusu.

Kulikuwa na mwanamke kijana, mke wa mfanyabiashara wa maharage. Mume alikuwa mtu wa safari, leo Mpanda, kesho Tabora, na alipokuwa wakati ule hakuna aliyejua. Mke alijifungulia nyumbani, damu ikakataa kukatika. Mama wa Kliniki alifanya aliyoyajua, yakaisha. Wakampakia kwenye lori lililokuwa linajaribu kushuka, yeye akapanda pamoja naye, mtoto akiwa kifuani kwake. Lori lilikwama kwenye mto wa pili. Yule mama alifia hapo, juu ya magunia. Mama wa Kliniki alirudi kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, wa kiume, ana siku moja.

Bibi yake mtoto, mzaa mama, alikuwa Kibaoni, mbali, na barabara ilikuwa imefungwa. Maziwa ya kopo hayakuwepo. Palikuwa na mbuzi.

Mama wa Kliniki alikuja kwangu alasiri. Mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Alikaa, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya nyumbani kwangu, akamshusha mtoto mapajani.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja kukuomba. Wewe unayo mengi. Umnyonyeshe huyu, mpaka bibi yake afike."

Miaka ile ule ugonjwa ulikuwa umeshapanda mlimani kwetu. Ulikuwa unatajwa kwa sauti ya chini. Vijana walirudishwa kutoka mijini wakiwa wamekonda, wakazikwa. Watu walikuwa wameshasema juu ya yule mfanyabiashara na safari zake, kabla hata ya mkewe kuzikwa. Nilikuwa nimeyasikia. Nilimtazama mume wangu anisaidie. Aliweka kalamu chini, akasema, "Wewe ndiye mwenye kunyonyesha. Siwezi kukuamulia." Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au alikimbia.

Ndipo mtoto akalia. Kilio kidogo, cha kukwaruza. Na maziwa yakanitoka yenyewe, blauzi ikalowa pande zote mbili, mbele ya macho ya Mama wa Kliniki.

"Huyu wangu mwenyewe hashibi vizuri," nikasema.

Leticia alikuwa amelala pembeni, mnene, mdomo wazi.

Mama wa Kliniki aliitazama blauzi yangu. Hakutazama kwa muda mrefu. "Sawa, mwalimu," alisema. Akamfunga mtoto mgongoni, akainuka, akatoka. Nilizisikia hatua zake kwenye matope mpaka zikaisha.

Siku ya kwanza nilijiambia kwamba atapata mtu mwingine. Siku ya pili nilisikia anamnywesha maziwa ya mbuzi, na kwamba tumbo limemharibika. Siku ya tatu nilikuwa nanyonyesha Leticia, nikaona maziwa ya upande wa pili yanadondoka sakafuni bure, kama yalivyokuwa yakidondoka kila siku. Nikakumbuka jinsi alivyonifundisha. Nilikamua kikombe kizima, nikakifunika kwa kisosi, nikamwacha Leticia kwa baba yake, nikaenda zahanati nikitembea polepole ili kisimwagike.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kuzalishia, mtoto amelala kwenye mkono wake. Hakushangaa kuniona. Alipokea kikombe, akanusa, akainamisha ukingo kwenye mdomo wa mtoto kama alivyofanya kwa Leticia. Yakamwagikia shavuni. Akajaribu tena, kwa kijiko, akimkuna koo taratibu kwa kidole ili ameze. Yakaingia kidogo, yakarudi, yakatoka pembeni ya mdomo. Tulikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukabadilika. Sikuwa na kitu cha kushika. Alijaribu, akamfuta, akajaribu. Mikono ile niliyokuwa nimeiona ikiweza kila kitu, siku ile haikuweza kitu chochote, na haikuacha kujaribu.

Mwishoni alisuuza kikombe kwenye beseni, akakikausha kwa gauni lake, akanipa. "Kikombe chako," alisema. Mtoto alifariki asubuhi yake. Bibi alifika kutoka Kibaoni baada ya siku tano, akaonyeshwa kaburi.

Kilichonitesa baadaye ni kwamba hakubadilika kwangu. Siku ya kliniki iliyofuata aliniita mbele ya benchi zima nimwonyeshe mama mmoja mwenye mimba ya kwanza namna ya kumshika mtoto. Nilisimama pale na Leticia, tumbo kwa tumbo, wanawake wakitazama, naye akieleza: "Mnaona kidevu? Kinagusa. Mnaona mdomo wa chini? Umegeukia nje." Sauti ile ile. Nilikuwa namngojea anitukane, walau anipite njiani bila kumfunua mtoto wangu. Alimfunua kila mara, akambonyeza shavu kila mara, na kila mara akaniuliza kama mama yake hajambo. Nilisema sijambo. Mwaka uliofuata tuliomba uhamisho, tukapata shule Mpanda mjini. Sikumuaga vizuri. Nilimtumia kanga kwa mkono wa mtu.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, stesheni ya Mpanda. Nilikuwa nimemsindikiza mgeni, treni ya kwenda Tabora kupitia Kaliua ilikuwa bado haijapangwa mabehewa, na watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao kandokando ya reli. Alikuwa amekaa juu ya gunia la maharage, ameegemea ukuta, amenyoosha miguu iliyovimba. Alikuwa ameshastaafu, mumewe ameshafariki, anakwenda Tabora kwa binti yake. Macho yalikuwa yamefifia. Ilibidi nijitambulishe.

"Mwalimu," alisema. "Leticia yuko darasa la ngapi?"

"La kwanza, mama."

"Ana mwili?"

"Anao."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilichuchumaa karibu naye. Nilikuwa nimeyaandaa yale maneno kwa miaka, na yalipotoka yalitoka ovyo. Nilimwambia siku ile nilimdanganya. Leticia alikuwa ameshiba. Niliogopa ugonjwa.

"Najua," alisema. "Niliiona blauzi." Kisha akawaangalia watu waliokuwa wakivuta mizigo. "Kwani unadhani nilikuomba wewe peke yako? Niliwaomba wanne. Wewe ulikuwa wa tatu."

"Na wa nne naye alikataa?"

"Wa nne alikubali."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikubali," alisema tena. "Alikuwa binti mdogo tu, wa kule juu kanisani, ana mtoto wa miezi miwili. Hakuuliza kitu. Alishamweka wake chini, akafungua kifua, akaninyooshea mikono. Na mimi nikasimama. Nikawaza, huyu mtoto mama yake amekufa na nini kwenye damu? Sijui. Na huyu binti chuchu zake bado zina vidonda, nilikuwa nimeziona mwenyewe wiki ile. Nikimpa, na ikawa hivyo wanavyosema watu, nimeua wawili wengine, yeye na mwanawe. Nisipompa, nimeua huyu. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikamwambia binti asante, nikaondoka. Alidhani nimemdharau. Alilia."

Halafu nikasema kitu ambacho natamani ningekimeza. Nilisema, "Ungetuomba tukukamulie kwenye kikombe."

Alinigeukia kwa macho yale yaliyofifia.

"Ndiyo," alisema. "Nimewafundisha wanawake wa mlima mzima kukamua. Ulipoingia na kikombe chako, ndipo nilipokumbuka."

Mtu wa stesheni alianza kuita watu wapande. Aliniomba mkono, nikamwinua, akasimama akisubiri miguu imshike. Nilibeba gunia lake hadi mlangoni mwa behewa, na mwanamume mmoja aliyekuwa ndani akalivuta. Yeye alishika vyuma vya pembeni, akajaribu kupanda, akashindwa, akajaribu tena. Nilimsukuma kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Alipoingia hakupata kiti cha dirishani, kwa hiyo sikumwona tena, na nilisubiri pale mpaka treni ilipoondoka.